Cheo cha Kuuliza Tena

Walimu wenzangu mnaobaki, siku mliyoniaga mlinipa blanketi, sufuria kubwa na saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa mtu aliyetoka kuachana na kengele! Hata hivyo nawashukuru. Mwalimu mkuu aliniomba niseme maneno machache kuhusu kufundisha Kiingereza. Nikasimama, nikasema Mungu awabariki, nikaketi nikifuta macho. Mlidhani nalia kwa sababu ya kuwaacha. Mtanisamehe, lakini sivyo. Nilikuwa na maneno, ila yalikuja pamoja na mtu mmoja ambaye sikuweza kumtaja mbele ya wali na soda. Naona kalamu itanivumilia zaidi.

Nilichelewa kuajiriwa. Nilimaliza chuo cha ualimu nikakaa miaka nikiuza mitumba Nakuru mjini, mpaka barua ilipokuja nilikuwa na mvi za kwanza. Nilipelekwa Olenguruone, kule juu Mau, katika shule ya msingi iliyozungukwa na mashamba ya viazi. Mimi ni mtoto wa Bahati na baridi naijua, lakini ya kule ilinifuata mpaka ndani ya soksi. Nikapewa darasa la nne, nyinyi siku hizi mnaita gredi. Mnajua wenyewe darasa hilo lilivyo. Hadi la tatu mtoto amefundishwa kwa lugha ya nyumbani na Kiswahili, akivuka tu anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, na hakuna aliyemwambia mapema.

Siku ya kwanza niliingia na sketi iliyopigwa pasi na Kiingereza cha chuoni. Niliwapa mgongo nikaanza kuandika ubaoni huku nikisema, "Now class, I want you to take out your exercise books, open a clean page, rule a margin, write the date, and then copy these sentences, but before you copy, change the underlined words. Are we together?"

"Yes, teacher!"

Waliitikia kwa pamoja kama kwaya. Nikageuka. Hakuna aliyegusa daftari. Macho yote yalikuwa kwangu, macho mazuri yenye heshima, yakisubiri. Nikarudia kwa sauti ya juu zaidi, maana chuoni hawakutueleza kwamba mtoto asiyejua Kiingereza si kiziwi. "Are we together?" "Yes, teacher!" Hatimaye msichana mmoja wa mbele alinihurumia, akafungua daftari, akaandika kwa herufi safi: Now class. Jirani yake akachungulia, naye akaandika. Muda si muda darasa zima lilikuwa limeandika Now class, na wale wenye rula walikuwa wamepiga mstari chini yake.

Mwalimu Sang aliyaona yote hayo kupitia dirishani. Alikuwa akifundisha darasa la tatu, chumba kilichopakana na changu, mtu mwembamba aliyekaribia kustaafu. Alivaa tai na gambuti za matope kila siku, kwa sababu alitoka kukamua ng'ombe akaja shule moja kwa moja na hakuona haja ya kubadilisha zaidi ya upande wa juu. Wakati wa chai alikuja kuketi karibu nami.

"Madam, hao watoto wako na adabu sana," alisema. "Wamekuambia yes juu wewe ni mgeni."

"Lakini walisema wameelewa."

"Uliwauliza kama mko pamoja. Si mlikuwa pamoja? Hakuna hata mmoja alitoroka."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Kuanzia siku hiyo Sang alinifundisha kazi kidogo kidogo, kila wakati wa chai, na sijawahi kukutana na mkufunzi aliyemshinda. Aliniambia niweke chaki mezani kabla ya kusema neno, kwa sababu mwalimu mwenye chaki mkononi anaongea na ubao. Aliniambia nisigawe karatasi kabla ya kueleza kazi, maana nikishagawa nitakuwa nashindana na karatasi, na karatasi itashinda. Nitoe agizo moja, lifanyike, ndipo nilete la pili. Niinue kitabu changu mwenyewe, nikifungue wakiona. Na nisibadilishe maneno. Hilo la mwisho lilinichukua muda kulikubali. Sisi walimu tukiona hatukueleweka tunasema jambo lile lile kwa namna nyingine, tukidhani tunasaidia, kumbe mtoto aliyekuwa ameshika nusu ya agizo la kwanza anadhani sasa amepewa kazi nyingine. Rudia yale yale, polepole, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mimi mpaka nastaafu bado nilikuwa najiuma ulimi.

Na usiwaulize kama wameelewa. Sang alilishikilia hilo kuliko yote. "Hapa kwetu mtoto hamwambii mkubwa hapana," alisema. "Ukimuuliza kama ameshiba atakuambia ameshiba, na sahani bado haijafika."

Lakini kitu alichonipa ambacho sijakiona kwa mwalimu mwingine ni cheo. Kila darasa lina monita, lina mfuta ubao, lina wa kufunga madirisha. La Sang lilikuwa na mmoja zaidi. Kila Jumatatu aliteua mtoto, na kazi ya mtoto huyo kwa wiki nzima ilikuwa kuinua mkono baada ya kila agizo na kusema, "Show me again, please." Awe ameelewa, asiwe ameelewa, lazima aseme. Asiposema, kazi haianzi na Sang anaketi kwenye meza anaangalia nje. Watoto wenyewe walikiita cheo hicho Again. Utasikia mtoto akijigamba uwanjani, "Wiki hii mimi ndio Again!" Siri yake ni kwamba yule mmoja alikuwa anauliza kwa ajili ya wote walioogopa, na hakuna aliyeweza kumcheka kwa sababu alikuwa kazini. Niliichukua desturi hiyo nikaipeleka darasa la nne, na kwa mara ya kwanza nikaona watoto wakinitazama bila kusubiri kuokolewa.

Miaka michache baadaye alikuja darasani kwangu mvulana aliyehamia kutoka shule nyingine, nitakayemwita Kiprono. Mama yake aliuza viazi na kabeji sokoni Olenguruone, na alilea wanawe wawili peke yake. Kiprono alikaa karibu muhula mzima bila kufungua mdomo. Si kwamba alikuwa mjinga. Alikuwa akimtazama jirani yake, akimwona amefungua kitabu naye anafungua, jirani akikosea naye anakosea pamoja naye. Nilipomteua kuwa Again, darasa liliguna. Jumatatu alisema maneno yale kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia. Kufika Ijumaa alikuwa anauliza mpaka nachoka.

Jumatatu iliyofuata niliteua mtoto mwingine. Nikatoa agizo, mtoto huyo akauliza, nikaonyesha tena. Kisha nikaona mkono wa Kiprono uko juu.

"Kiprono, your week is finished," nilimwambia.

Akasimama. Akatafuta Kiingereza, akakikosa, akasema, "Madam, lakini mimi bado sijaelewa."

Nilienda kumwambia Sang wakati wa chai. Alicheka sana, kisha akatoa leso akafuta macho. "Huyo sasa ni mwanafunzi," alisema. "Hao wengine bado wanafanya kazi ya wiki."

Kiprono hakuacha tena. Darasa la tano mwalimu alimpigisha magoti nje kwa kujifanya mjinga, na akirudi ndani anauliza lile lile alilotolewa nalo. Nilikuwa namwona kupitia dirishani akiwa amepiga magoti kwenye changarawe, na nilimwonea fahari. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Sang alistaafu na hakukaa sana. Tulimzika nyuma ya zizi lake, mvua ikinyesha. Baada ya hapo mume wangu aliugua, nikaomba uhamisho ili niwe karibu na hospitali, nikaletwa huku Lanet. Siku niliyoondoka, Kibet, mdogo wake Kiprono, alikuwa darasa la pili, mtoto wa kucheka hata akianguka. Kibet ni jina lake. Sikuwahi kumfundisha. Alipofika darasa la nne alikuta mwalimu mwingine, ambaye nasikia alikuwa mwema na mwenye sauti nzuri, na darasa lake liliitikia vizuri sana.

Lanet mnaijua, sina haja ya kuwaeleza. Watoto wengi kuliko madawati, wengine wa wanajeshi waliozoea amri tangu asubuhi, wengine wa wafanyabiashara wa barabarani, na kila muhula zinaota nyumba mpya za kupangisha nyuma ya ua wa shule. Mume wangu alifariki. Nilifundisha. Again aliendelea kuteuliwa kila Jumatatu, na baadhi yenu mlinicheka mwanzoni, mkaja kuniiga kimyakimya. Niliwaona.

Siku moja nikitoka getini, kijana mrefu mwenye saruji kwenye nyusi alisimama mbele yangu.

"Madam! Hujanisahau? Mimi ndio Again."

Kiprono alikuwa ameteremka kutafuta kazi ya mjengo. Alipanga chumba kimoja karibu na kwangu, na Jumapili baada ya kanisa alikuja kunywa chai na kunirekebishia vitasa. Baadaye Kibet alimaliza shule akamfuata, wakawa wanalala chumba kimoja. Kibet alikuwa bado wa kucheka ovyo. Alikula chapati zangu bila kuhesabu na kuniita shosh, kama nyanya yake, jambo lililomkera Kiprono kwa niaba yangu. Sikuzaa mimi. Kwa hiyo Jumapili hizo nilikuwa nazisubiri kuanzia Jumatano, nisidanganye.

Kazi ya mjengo huwa hivi: asubuhi vijana wanajazana getini, foreman anachagua anaowataka, waliobaki wanasubiri labda mtu atatolewa. Kiprono alikuwa ameshajulikana, anachaguliwa mara nyingi. Kibet alikuwa anasubiri getini siku nyingi na kurudi mikono mitupu.

Ilikuwa likizo, nami niko nyumbani, Kiprono akaja kabla ya adhuhuri. Mjengo hautoi watu saa hizo.

"Wamenifuta, Madam," alisema.

"Umefanya nini?"

"Niliuliza."

Nikamkaribisha ndani, akanieleza. Walikuwa wanachimba shimo refu la maji machafu, na kuta zake zilikuwa zimezuiliwa na mbao. Foreman, Mkenya kama sisi ambaye kila asubuhi huvaa Kiingereza pamoja na helmeti, alisimama juu akatoa maagizo huku akiangalia simu.

"Alisema tutoe mbao za upande moja na zingine ziachwe mpaka concrete imwagwe," Kiprono alisema. "Lakini upande gani, Madam? Alikuwa anaongea mbio. Akauliza, are we together? Watu wote, yes boss. Mimi nikamwambia, boss, hebu tuonyeshe tena, ni mbao gani. Akaniambia kama Kizungu kimenishinda nitoke, gate imejaa watu. Nikatoka."

"Na nafasi yako?"

"Kibet ndio alikuwa mbele kwa gate. Ameingia." Akatabasamu kidogo. "Si ni sawa tu? Angalau mmoja wetu amepata leo."

Nilimmiminia chai. Nilimwambia amefanya vyema, mtu mzima haoni haya kuuliza. Nilimwambia Mwalimu Sang angekuwapo angetoa leso. Tulikuwa tunacheka wakati simu yake ilipolia.

Wenyeji wa Lanet tunajua udongo wetu. Ni majivu ya zamani ya volkano. Wakati wa kiangazi unasimama wima kama umepigwa plasta, na siku ukiamua kuporomoka hautoi ilani. Walikuwa wametoa mbao za upande usiofaa. Waliokuwa karibu na ngazi walitoka. Kibet alikuwa chini kabisa, mgeni wa kazi, akifanya kama jirani yake alivyofanya. Walimtoa jioni.

Tulikuwa tumeketi kwenye benchi nje ya mochari, mimi na Kiprono, tukisubiri mama yake afike kutoka mlimani. Hakuwa analia. Alikuwa akisugua saruji kwenye kiganja.

"Madam, kama ningesema tu yes kama wengine," alisema, "Kibet si angekuwa bado kwa gate?"

Nimekuwa mwalimu, nimeulizwa maswali na watoto wa kila aina, na nilijua njia nyingi za kumrudishia mtu swali lake mpaka alijibu mwenyewe. Hilo nililiacha lilale pale kwenye benchi. Ningesema ndiyo ningemmaliza. Ningesema hapana ningekuwa mwongo, na alikuwa ananijua.

Tulimzika Olenguruone, kwenye kipande cha shamba kati ya viazi na boma. Mwenye mjengo alituma shada la maua lenye utepe. Kiprono alichimba, akafukia, hakusema neno kwa mtu yeyote. Hakurudi Lanet.

Mimi nilirudi. Ulikuwa muhula wangu wa mwisho, na sasa nawaambia mlichokuwa mnanong'ona ofisini. Jumatatu ya kwanza watoto waliuliza, "Madam, Again ni nani?" Nikasema wiki hii hakuna. Jumatatu ya pili wakauliza tena. Kufika ya tatu wakaacha kuuliza. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja na kila niliyetaka kumteua nilimwona mkubwa, amesimama getini kwa mtu, ametolewa kwa kosa nililomfundisha mimi, na nyuma yake ameingia mwingine. Nikaogopa. Nilifundisha muhula mzima nikiuliza "Are we together?" na wao wakiitikia. Mkaguzi alipita, akasifu nidhamu ya darasa langu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Baada ya karamu yenu nilipanda Olenguruone. Nilimkuta mama yao nyuma ya nyumba akichagua viazi vya mbegu, vidogo huku, vikubwa huku. Aliniletea kigoda na maziwa ya mursik, akaendelea na kazi yake.

"Mama Kiprono," nilisema, "nimekuja kuomba msamaha."

"Ya nini, mwalimu?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha Kiprono kuuliza. Asingeuliza, asingefutwa. Asingefutwa, Kibet hangeingia."

Aliacha viazi. Alijifuta udongo mikononi, akanitazama.

"Mwalimu, mimi nilizaa wawili," alisema. "Mmoja aliuliza, mmoja hakuuliza. Huyo aliuliza ndio anakula kwangu jioni. Sasa wewe unataka nikasirike juu ya huyo?"

Niliweka maziwa chini.

"Kama unataka nikulaumu, nitakulaumu," akaendelea. Sauti yake haikupanda. "Nitakulaumu juu uliondoka kabla Kibet hajafika darasa lako. Hiyo ndio inaniuma usiku. Si ile ulifanya. Ni ile hukufanyia mtoto yangu ya pili."

Kisha akainama, akachukua kiazi, akakitupa kwenye rundo la vidogo. Nililia. Aliniacha nilie, hakuniambia ninyamaze, na alipoona nimemaliza aliniongezea maziwa.

Ndiyo maana nimeandika. Nilidhani nimekuja kutubu kwamba nilifundisha sana, kumbe nilikuwa nimefundisha kidogo. Nimestaafu, sina darasa la kurekebisha. Nyinyi mnalo. Wale mliokuwa mkiniiga kimyakimya, fanyeni waziwazi, na wale mlioacha mlipoona nimeacha, msinifuate huko. Jumatatu wekeni chaki chini, semeni kidogo, onyesheni, nyamazeni, na muwe na mtoto ambaye bila yeye kuuliza hakuna kinachoanza. Msifanye kwa darasa moja tu. Nendeni kwa mwenzenu wa chumba cha pili, hata kama ana sauti nzuri, mwambieni.

Kiprono alinisindikiza mpaka barabarani siku hiyo. Anamlimia mama yake, ameota ndevu. Gari liliposimama alinishikia mlango, ndipo aliponiambia neno lake la kwanza tangu benchi lile.

"Madam, najua utawaambia walimu hii maneno. Waambie. Lakini jina langu usitaje, sitaki mtu aniite shujaa."

"Sitalitaja."

"Ya Kibet taja. Hakuna mwalimu aliwahi kumuita mbele ya darasa."

Basi Kiprono si jina lake. Kibet ni Kibet.